Taa Isiyounguza

Juzi fundi redio alipounga waya kwa risasi ya kulehemu, moshi wake ulinirudisha kwenye karakana yetu ya Mbinga. Babu ndiye aliyeianzisha. Baba na shangazi waliendelea kugonga mabeseni ya bati mpaka yakawa taa za studio ya picha. Kila taa mpya ilijaribiwa kwangu. Nilikaa kwenye kigoda, mashavu yakiniungua, baba akisema, "Usipepese macho, mama."

Siku ya komunyo ya kwanza watoto walijipanga mlangoni kwetu na nguo nyeupe, wakisubiri kupigwa picha. Umeme ukakatika. Kijana mgeni, aliyekuja na gari la kutoka Mbamba Bay, akatoa kamera ndogo, mojawapo ya vitu vya nje vilivyoanza kujaa sokoni.

"Shikamoo, mzee. Mimi sihitaji umeme."

Taa ya kamera ikamulika ghafla. Watoto wakashangilia, wakamhamia wote.

Baba akaigusa ile taa. "Mbona haiunguzi?"

Shangazi aliketi chini polepole, kama mtu aliyepewa habari za msiba.

Kijana akampiga baba picha ya bure, kando ya taa ya kwanza ya babu. Ninayo mpaka leo. Baba, aliyenikataza kupepesa utoto wangu wote, ametoka amefumba macho.