Kopo la Namba Tano

Mama Vifungo, fundi cherehani, alifundishwa kuendesha gari na mumewe akiwa mtu mzima, na hakuwahi kuipenda kazi hiyo. Pikapu yao kuukuu ilikuwa ya mzee wake huyo, na aliitunza kama mboni ya jicho. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia, kikamwachia neno moja tu: "haya." Njaa, haya. Usingizi, haya. Mkewe alijifunza kuzitofautisha kwa sauti.

Pikapu ikakaa uani msimu mzima wa mvua. Daktari alipoagiza mazoezi ya viungo kliniki kila wiki, Mama Vifungo akaamua kushika usukani mwenyewe. Jirani yao, fundi magari, alikanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini. Akamweleza kuwa mafuta ya breki yakikaa sana hunyonya unyevu, na ya pikapu hii yalikuwa yameshakuwa meusi kama kahawa. Yamwagwe, yatiwe mapya, na hewa iliyoingia itolewe.

Dukani muuzaji akamuuliza anataka mafuta ya breki ya namba ngapi: tatu, nne au tano. Hakujua. Akachukua kopo la tano, namba iliyo kubwa na ghali kuliko zote. Kwa mume wake hakutaka kubahatisha.

Alipompakatisha mzee lile kopo, mzee alilitazama, akalisukuma kwa mkono wa kushoto likabingirika sakafuni. "Haya," alisema kwa ukali. Mama akaliokota. Likasukumwa tena.

Akarudi kwenye cherehani, akajitia kushona, machozi yakimlengalenga. Alidhani mzee hataki gari lake liguswe.

Mara akasikia kiti kikikwaruza. Mzee alikuwa amesimama, kaegemea ukuta, uso kauelekeza uani. Akamkimbilia, akamshika kwapani, wakajikongoja hadi kwenye pikapu. Mzee akagonga boneti. Mama alipoifungua, kidole kikatua juu ya kifuniko cha kikopo kidogo cha mafuta ya breki, kilichojaa vumbi. Akakifuta kwa pindo la gauni. Maandishi yakajitokeza: tumia namba tatu.

"Kumbe," alisema taratibu. "Sindano ya jinzi haishoni hariri."

"Haya," mzee akajibu, kwa sauti laini.

Fundi naye aliunga mkono. Namba tano ni ya silikoni, haipatani na mabaki ya mafuta yaliyokuwemo. Gari la umri ule lipewe lilichozoea. Kopo likabadilishwa, hewa ikatolewa kwenye mabomba, pedali ikawa ngumu.

Siku ya kwenda kliniki, kila walipokaribia kona, mguu wa kushoto wa mzee, ule mzima, ulikandamiza sakafu.

"Breki ziko kwangu, baba," Mama Vifungo alimwambia, macho barabarani. "Wewe tazama njia."

Mzee akacheka, mdomo ukienda upande mmoja. Hakuwa amecheka tangu augue. Lango la kliniki lilikuwa mbele yao, lakini mkewe akalipita, akazunguka mtaa mara nyingine ili amsikie tena.