Jiwe la Kwanza la Foleni ya Visiga

Mwaka sabuni ilipoadimika, Mfaume Jumbe wa Visiga alirudi kutoka Unguja na kasha la televisheni lisilo na kioo wala matumbo. Akaliweka mezani mbele ya duka la ushirika, akaingiza kichwa kwa nyuma, akaanza kutangaza habari za soko.

Soko lenyewe lilikuwa la mawe. Pale dukani kila mtu aliweka jiwe lake kwenye foleni ya kungojea sabuni, limshikie nafasi, akaenda shamba. Mfaume ndiye aliyewafumbua macho kwamba mawe yanauzika. "Jiwe la tatu limepanda, sasa kuku wawili. Mwenye nalo asiuze," alitangaza, akikunja uso hadi watu wakashika mbavu. Akitoa kichwa, hakuna aliyemsikiliza. Akikirudisha, hata mwenyekiti wa kijiji alinyamaza.

Jiwe la kwanza lilipofikia mbuzi, Mfaume akatoa mbuzi wake pekee, akalinunua.

"Baba Mwanaasha, mbuzi anatupa maziwa," mkewe Biasha alilalamika.

"Maziwa hayapandi," kasha likamjibu.

Ijumaa, lori lililojaa sabuni likatokea barabara ya Morogoro. Mfaume akaona mbuzi wake anayeyuka: sabuni ikimtosha kila mtu, nani atataka jiwe? Akakimbilia kwenye kasha, akatangaza hatari. Watu wakamzingira dereva, wakamwamuru arudi na mzigo wake Dar.

Dereva akazitazama nguo zao, zote rangi ya udongo. "Kwani sabuni hamuitaki?"

"Tunaitaka sana," Mfaume akamjibu kutoka ndani ya kasha, "lakini unatuharibia soko."