Magauni Yaliyochanwa Mgongoni

Mwaka tisini na mbili mwanamke mmoja aliingia dukani kwangu hapa hapa Arusha, akatoa gauni jeupe la mtoto kwenye henga, akaligeuza nyuma. Hakuuliza bei.

Akaniuliza, "Huu mgongo ameushona nani?"

Ngojeni nirudi nyuma kidogo, maana bila huko hamtanielewa.

Mume wangu Iqbal aliponiacha, nilirudi kwa kaka yangu Nasri, Levolosi, na binti yangu Tunu wa miaka mitano. Tulilala chumba kimoja na watoto wa kaka. Wifi yangu Swabaha si mtu mbaya, ila mdomo alipewa na wa akiba.

"Wifi, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe sasa tukupe nini? Trekta?"

Alicheka, na mimi nikacheka. Moyoni niliumia vibaya. Nikaapa nitatoka pale na mwanangu, tena kwa hela yangu mwenyewe.

Zilikuwa enzi za ruksa. Miaka michache nyuma kitambaa ulikipangia foleni, sasa kila kona mtu ana meza ya mitumba. Nikaona nguo za watoto ndiyo biashara. Mtu mzima atavumilia shati moja mwaka mzima, lakini mtoto anakua hata kama huna kitu.

Nikauza bangili za dhahabu alizoniachia mama. Huo ndio ulikuwa mtaji, na nyuma yake sikuwa na kingine.

Nikakaa kupiga hesabu. Kilemba cha fremu karibu na Soko Kuu, hela ambayo mwenye nyumba anakula na huioni tena. Kodi ya miezi sita mbele. Leseni. Seremala wa rafu. Henga.

Nilipofika kwenye nguo zenyewe, hela ilikuwa imebaki ya mboga. Robota la mtumba wa watoto, daraja la kwanza, lilinishinda hata kuuliza mara ya pili. Nilikuwa na duka zuri la kuuzia henga.

Ndipo akaja Solomoni.

Chalii mpole, viganja vina sugu, anaongea huku ameangalia chini. Sijui nani alimwelekeza kwangu. Nadhani alinisikia nikibembeleza bei sokoni.

"Dada, nina mzigo wa watoto. Mkali kuliko wa robota."

Akafungua kiroba. Wallahi nilishtuka. Magauni ya lesi, suti ndogo za wavulana, vitu safi vya kutokea. Hapakuwa na hata kaptura moja ya kuchezea.

"Mbona zote za sikukuu?"

"Wazungu hao, dada. Wana nguo ya kila kitu."

"Na mbona zimechanwa?"

Kila vazi lilikuwa na mchano mgongoni, kutoka shingoni hadi chini, umenyooka vizuri kabisa.

"Za magendo hizo. Zikikamatwa mpakani wanazichana zisiuzwe, sisi tunaziokoa. Ndiyo maana nakupa kwa bei hii."

Akataja bei. Ilikuwa robo ya robota.

Kitu kimoja kilinisumbua. Mtumba una harufu yake, ile ya dawa, ukiingia nao ndani nyumba nzima inajua. Hizi zilinukia sabuni ya mche, na chini ya sabuni kulikuwa na kitu kama udongo baada ya mvua. Nikajiambia, Twahira, maskini hachagui. Nikalipa.

Nikazipeleka kwa fundi Ephraimu, Mchaga mmoja aliyekuwa na cherehani barazani mtaa wa pili. Nikampa na hela yake mbele kabisa, ya zipu na ya kazi. Alifurahi, maana wiki ile nzima alikuwa analia hana kazi.

Akachukua gauni la kwanza, akapitisha kidole kwenye mchano. Akachukua la pili. La tatu hakuligusa.

"Umezitoa wapi hizi, dada?"

"Mzigo wa Nairobi. Wewe shona tu."

Aliniangalia sana. Kisha akazikunja moja moja, taratibu, akazirudisha kwenye kiroba, na hela yangu akaiweka juu.

"Hizi mimi sishoni."

"Unataka niongeze?"

"Hata ukinipa na duka."

Akainama kukanyaga cherehani ambayo haikuwa na kitambaa. Nikamwita mvivu, nikamwita na mwenye roho mbaya, nikaondoka nimevimba.

Nikaazima cherehani ya mkono ya wifi, nikakaa kibarazani nikashona zipu mwenyewe, vazi baada ya vazi. Gauni zuri kuliko yote, la waridi, nikamtengea Tunu. Alilivaa Idi, tukampeleka studio akapigwa picha. Nilijisikia mama kamili siku ile.

Duka likafunguliwa. Mashoga zangu wa Levolosi walinunua wakasifia. Lakini walikuwepo kina mama wengine. Wanaingia vizuri, wanasalimia, wanashika gauni, wanageuza nyuma. Halafu wanatoka bila kuaga.

Ephraimu naye akawa akiniona anavuka barabara.

Nikajua nimerogwa. Nikafukiza ubani dukani kila asubuhi, na bado walitoka vile vile. Nikaanza kuogopa duka langu mwenyewe.

Ndipo akaja yule mwanamke niliyewaambia. Alikuwa na kichanga mgongoni, ameongozana na dada yake.

"Habari za kazi, mama. Natafuta gauni la ubatizo," alisema.

Nikamwonyesha rafu. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye gauni jeupe lenye kola ya kufuma. Akaigusa ile kola muda mrefu, akageuza nyuma, akauliza swali lake.

"Nimeshona mimi," nikajibu kwa kujisifu. "Lilikuja limechanwa."

"Najua. Nililichana mimi."

Nikacheka kidogo, nikidhani ananitania. Dada yake akashika ukingo wa kaunta.

"Nililichana kwa mkasi wa dada yangu huyu," akasema. "Na kola nilifuma mwenyewe. Aika wangu alikuwa ameshakakamaa, mikono haikuingia. Sisi ndivyo tunavyowavalisha, unachana nyuma, mbele anaonekana amelala tu."

Nikakaa chini sakafuni.

Sisi Waislamu maiti tunamvika sanda, awe mtoto awe mzee. Nimekulia nyumba ambayo gauni halijawahi kwenda kaburini. Mchano ule kwangu ulikuwa mchano. Kwa Ephraimu, na kwa kina mama wale waliotoka kimya, ulikuwa msiba.

"Tulikosa gari la kumpeleka kwetu Marangu," akaendelea, "tukamzika hapa mjini. Mchimba kaburi alikuwa kijana mpole sana, Solomoni. Alilia kuliko shemeji zangu."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alilaza gauni juu ya kaunta, mgongo juu.

"Zipu yako itoe. Namrudishia kama nilivyomvalisha."

Nikachukua wembe. Nikajikata, dada yake akanishika kiganja nisilitie damu. Nikafumua uzi mmoja mmoja mbele ya macho yake, na kichanga kule mgongoni kikinichekea muda wote.

Polisi walichukua mzigo uliobaki, na mimi nikazunguka nyumba kwa nyumba kwa mashoga zangu kukusanya zilizouzwa. Solomoni hakuonekana tena, makaburini wala sokoni. Fremu niliirudisha, kilemba hakikurudi, na bangili za mama ndiyo zikawa zimekwenda hivyo.

Nilirudi na viroba vitupu kwa wifi. Siku hiyo hakunitania. Alinipakulia chakula, akakaa karibu yangu.

Kesho yake nilimfuata Ephraimu.

"Kwa nini hukuniambia?"

Akainamisha kichwa. "Nilidhani unajua. Nilikuogopa, dada."

Nyie mnaopiga hesabu za duka sasa hivi, pigeni kodi, pigeni leseni na rafu. Kisha bei ikiwa rahisi kupita kiasi, jiulizeni nani ameshailipa iliyobaki. Na fundi mwenye njaa akikurudishia hela yako, usimtukane. Vuta kigoda ukae, umuulize.

Gauni la waridi nalo nililipeleka polisi pamoja na mengine. Hakuna mama aliyekuja kulitambua.

Tunu sasa ana watoto wake. Ile picha ya Idi ameikuza, ameitundika sebuleni, na kila nikienda kwake mimi hukaa kile kiti kinachoipa mgongo. Huwa ananiuliza, mama, mbona hukai hapa tuangalie wote TV?

Mwanangu, uso kwa uso nimeshindwa, ndiyo maana nimeandika hapa. Ile picha ishushe.