Karata Mbili za Baba Mukwe

Huku Kasongo, siku ya Mungu kisha misa, tunacheza karata mbele ya fundi wa pikipiki, na mimi ndiye mwenye kukata maneno. Sheria yangu iko nyepesi. Mwenzako akikutupia karata ya mbili, unaokota karata mbili, utake usitake. Ukisahau, utaokota hata kwa kuchelewa. Ukitupa nane, una ruhusa ya kuchagua rangi. Ukisahau, basi, imepita.

Siku moja baba mukwe wangu alifika toka Kabambare, akaketi kucheza. Akatupiwa mbili, hakuokota. Akatupa nane, hakutaja rangi. Watu wote wakanitazama mimi. Kwetu mutu habishani na baba ya bibi yake, hata macho hamukazii. Nikawakasirikia wote, yeye wa kwanza. Kisha nikasema nikitazama chini: "Baba, okota mbili. Na rangi, hapana."

Akaokota. Moja ya zile mbili ilikuwa nane nyingine. Alipoitupa akataja rangi kwa kelele, "Pike!", na akashinda.

"Mukwe," akaniambia akicheka, "sheria yako iko nzuri."

Nikapumua. Angeshindwa, mpaka leo ningekuwa ninajipikia.