Maksai Aliyetoka Vizuri

Kosa langu la mwanzo kabisa katika kupiga picha kwa simu ni kwamba nilimpotezea maksai wa mjomba wangu sikio la kushoto. Sikulikata. Nililififisha.

Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kutazama video, bando lote likiishia huko. Nikajua kufuta kioo cha kamera kabla ya kupiga, kugusa skrini pale ninapotaka paonekane, na kukwepa jua la saa sita. Nikajua na ile hali ya simu inayofifisha vitu vyote vya nyuma, sura ibaki peke yake. Hiyo niliipenda kuliko zote, maana kijijini kwetu Sepuka nyuma ya kila kitu kuna kitu kingine: ndoo, kamba ya nguo, kuku anayepita. Picha nzuri ikiharibiwa na kuku, niliweza kukosa hamu ya kula. Najua ni ujinga.

Mjomba alikuja mchana mmoja wa kiangazi. Vijiji vya jirani ng'ombe walikuwa wanaibwa, naye alisikia kwamba ukiwa na picha ya mnyama wako unaweza kumdai popote. Alikuwa na maksai wawili tu, wa kuvuta plau.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Njoo na hiyo simu, unipigie hawa wazee wangu."

"Jua kali, mjomba. Tusubiri jioni."

"Jua linamuumiza nani? Ng'ombe au simu?"

"Picha."

Akacheka, akasubiri.

Jioni nilipiga kama picha arobaini. Nilichuchumaa mbele ya yule mwekundu mpaka akanipumulia usoni. Mjomba aliegemea boma, akaniuliza, "Mpwa, unamtafutia mchumba?"

Kisha nikakaa kuchagua. Za ubavuni zilikuwa na kamba ya nguo, nikazifuta. Nyingine mkia ulitikisika, nikazifuta pia. Kwa kila maksai nikabakiza moja: uso, macho yanang'aa, kuanzia pembe kwenda nyuma ni kama moshi. Yule mwekundu nikamwongezea wekundu kidogo. Mjomba aliitazama hiyo picha, akasema maksai wake ametoka vizuri. Sikio la kushoto la maksai huyo lilikuwa limechanika tangu alipong'atwa na fisi akiwa ndama, na ubavuni alikuwa na baka jeupe. Yote mawili niliyajua. Sikuyafikiria.

Mvua zilipokaribia, mwekundu akapotea malishoni. Siku ya nne tuliambiwa ameonekana mnadani, kijiji cha mbali kidogo. Tulimkuta amefungwa pamoja na wengine, wakisubiri lori. Mtu aliyekuwa naye alisema amemnunua kihalali, na kibali anacho. Hakuwa mkali. Nadhani alikuwa anasema kweli.

Mjomba akamwita maksai kwa jina lake, kwa Kinyaturu. Maksai akageuza kichwa.

"Hata ukiniita mimi kwa sauti hiyo nitageuka," yule mnunuzi alisema. Watu wakacheka.

Msimamizi wa mnada akauliza kama tuna ushahidi. Mjomba akasema sikio lilichanwa na fisi, ubavuni kuna baka.

"Sikio kila mtu hapa analiona, mzee wangu," mnunuzi akasema. "Na baka pia. Hata mimi nikiangalia naweza kusema fisi."

"Tuna picha," mjomba akasema, akanitazama.

Nilimpa msimamizi simu. Aliivuta picha kwa vidole viwili, akaikuza.

"Picha nzuri. Sikio liko wapi?"

"Limefifia."

"Kwa nini?"

"Ndivyo nilivyoipiga."

"Na baka?"

"Halimo."

Mnunuzi akachungulia. "Huyu wa kwenye simu mwekundu kama tofali. Wangu si mwekundu hivi."

Nilisema mimi ni shahidi, nimemjua maksai huyu tangu ndama. Msimamizi akaniuliza mzee huyu ni nani kwangu. Nikasema mjomba. Akanirudishia simu.

Lori lilikuja alasiri. Nilisimama nikaangalia maksai akipandishwa, na sikusikia chochote moyoni, si huzuni wala hasira. Nilikuwa nafuta alama za vidole vya msimamizi kwenye skrini. Ninachokiri kwa shida zaidi ni hiki: hata wakati ule nilikuwa bado naiona ile picha ni nzuri.

Mjomba hakunigombeza. Maksai mmoja hawezi kuvuta plau, kwa hiyo aliyebaki aliunganishwa na wa jirani, na shamba la jirani likalimwa kwanza. Mtama wa mjomba ulipandwa mvua zikiwa zimekwenda mbali. Nilimsaidia kupanda. Tulizungumza habari za mbegu tu. Mama aliponiuliza ninajisikiaje, nilimwambia sijui, na lilikuwa jibu la kweli.

Siku hizi mtu akiniita kupiga picha, kwanza namuuliza picha ni ya kazi gani. Kama ni ng'ombe, nampiga mchana kweupe, ubavu wa kulia na wa kushoto, masikio yote mawili, na kila kovu kwa karibu. Hali ya kufifisha naizima. Rangi siigusi, na picha sizifuti mpaka mwenye mnyama azione zote. Mjomba alipata maksai mwingine mwaka uliofuata. Hajaniambia nimpigie picha, nami sijathubutu kumwomba.