Mkalimani Asiyeacha Neno

Shati langu jeupe nililipiga pasi mara mbili asubuhi ile, na bado tulifika shuleni saa nzima kabla ya wakati. Mimi hukata nyama Dagoretti. Siku za kawaida sina shughuli na shati. Lakini siku hiyo shule moja ya upili katikati ya mji ilikuwa imekubali kumjaribu mdogo wangu. Angekaa katika somo moja la Gredi ya Kumi pamoja na wanafunzi wanaosikia, akisaidiwa na mkalimani wa lugha ya ishara. Akilifuata somo, nafasi ni yake. Asipolifuata, tutafute kwingine, na kwingine tulikuwa tumeshatafuta.

Mdogo wangu ana miaka kumi na mitano. Homa ya uti wa mgongo ilimwacha kiziwi akiwa na minne. Kifaa anachovaa sikioni humletea vishindo tu: mlango ukibamizwa, lori likipita. Wazazi walipotutoka niliacha shule nikiwa kidato cha pili, nikamlea yeye na mapacha wanaomfuata. Lugha ya ishara aliipata katika kitengo cha viziwi cha shule ya msingi, kisha akanifundisha mimi jioni, nyumbani kwetu mtaa wa Satellite. Husema mikono yangu inaongea kama inayopasua mifupa.

Mkalimani tulimkuta langoni, mama mfupi aliyevaa nguo nyeusi tupu ili mikono yake ionekane vizuri. Alimsalimu mdogo wangu kwanza, na wakaanza gumzo la kasi lililoniacha nyuma kabisa. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kuachwa. Kisha nikamvuta mama yule kando na kumwomba jambo dogo: wanafunzi wakisema maneno mabaya, ayapite tu.

"Kijana wangu," akasema, "mimi siachi neno. Nikiacha moja leo, kesho atajuaje nimeacha mangapi?"

Sikumwambia kwamba mimi mwenyewe nimeacha mengi. Siku tuliyomzika mama yetu, shangazi na wajomba walibishana saa nzima nani amchukue nani, na nani atamweza huyu asiyesikia. Mdogo wangu alinivuta mkono akiuliza wanasema nini. Nilimjibu kwamba wanaomba. Tangu hapo nimekuwa hivyo. Kanisani, dukani, kwa majirani, ninamchujia maneno kama mtu anayechuja chai.

Somo lilikuwa la Biolojia, kuhusu moyo. Mdogo wangu aliketi safu ya mbele, mkalimani akasimama mbele yake, kando ya mwalimu. Mimi na naibu wa mwalimu mkuu tulipewa viti karibu na mlango. Mwalimu alichora, akaeleza, na mikono ya mkalimani ikaenda naye bila kukwama, hata mwalimu alipokohoa na kuomba radhi. Mdogo wangu aliinua kidole na kuuliza kitu. Mkalimani akasema kwa sauti, "Damu ikirudi nyuma kidogo, mtu atajihisi vipi?" Miaka kumi na mmoja sikuwa nimesikia swali lake likitoka kwa sauti, darasa zima likigeuka kumsikiliza. Mwalimu alisema hilo ni swali zuri na akalijibu kwa urefu.

Ndipo msichana aliyeketi nyuma yake akamnong'oneza mwenzake, sauti ikafika hadi mlangoni, "Huyu anaelewa kweli, ama amekuja kututolea macho tu?"

Mkalimani alisikia. Mikono yake ikamwonyesha msemaji na kuubeba mnong'ono ule wote, hadi jinsi alivyoupinda mdomo. Mimi tayari nilikuwa nimesimama, nikimpungia mdogo wangu asitazame, nikimwambia kwa ishara kwamba hakuna kitu, ni kelele tu. Naibu alinitupia jicho. Nikajua nimeharibu.

Mdogo wangu alinitazama bila haraka, kisha mikono yake ikaanza, na sauti ya mkalimani ikafuata.

"Kaka, keti. Hilo pia nilitaka kulisikia."

Nikaketi. Akageuka, akaliangalia daftari la yule msichana, akaendelea: "Ninaelewa, dada. Lakini moyo uliochora hapo una vyumba vitatu. Huyo mgonjwa wako hafiki kesho."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Yule msichana alificha uso kwa daftari, naye akicheka, kisha akaomba kuazima kifutio. Mwalimu mwenyewe alilazimika kuelekea ubaoni ajizuie.

Ofisini, naibu aliniuliza kama mdogo wangu ataweza kufika mapema kila siku. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaufunga, nikamwonyesha mdogo wangu kwa mkono. Naibu akageuza kiti na kumuuliza mwenyewe kupitia mkalimani. Alijibu kwamba ataweza, kisha akauliza kama mkalimani atakuwapo pia kwenye michezo na wakati wa chakula, maana wanafunzi hawaongei Biolojia peke yake. Naibu alisema kwa sasa ni darasani tu, mengine wataona. Mdogo wangu akauliza wataona lini. Naibu alicheka na kuandika kitu. Aanze Jumatatu, akasema.

Tulitoka tukitembea kama watu wenye springi miguuni. Karibu na stendi, mchuuzi wa viatu alikuwa akigombana na mteja aliyedai ameuziwa viatu vyote vya mguu wa kulia. Watu walikuwa wamejaa. Mdogo wangu alinisimamisha, akasimama mbele yangu, akasubiri.

Nikaanza. Nilimpa yote: matusi ya mchuuzi, majibu ya mteja, hadi kijana wa kubeba mizigo aliyesema huyu jamaa mwenye shati jeupe anafukuza nzi. Mikono iliniuma. Kuna tusi moja sikuwa na ishara yake, nikalitamka polepole kwa midomo mara mbili, nikiona haya. Alicheka hadi akashika tumbo, kisha akanifundisha ishara yake.