Namba za Mzani Ukutani

Enzi dhahabu ilipopamba moto kwenye machimbo ya Nyakunguru, nilikuwa na duka la kompyuta Bomani, mjini Tarime, na sikuwa mtu wa kukataa kazi. Siku moja akaja mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waponda mawe ya dhahabu. Hata kiti hakukitaka.

"Mzani wetu una kioo kidogo kama ukucha," alisema. "Wa mbele wanaona, wa nyuma wanasema wanaibiwa. Nataka namba zionekane ukutani. Unaweza, mura, kijana wangu?"

"Shikamoo kwanza, mama. Naweza."

Niliandika programu fupi. Ili isome namba zinazopita kwenye waya wa mzani, lugha ya kompyuta niliyoiandikia ilihitaji kifurushi cha nyongeza, faili moja ndogo tu. Dukani kilikubali mara moja.

Nyakunguru, kwenye kompyuta ya kikundi, kikagoma. Nikikiita, Windows inajibu kwamba faili hiyo haifai. Nami naiona pale pale kwenye folda! Nikainakili upya, jibu lile lile. Akina mama walikuwa wamejaa kwenye chumba cha mzani, vumbi la mawe kwenye khanga zao, macho yote mgongoni mwangu.

"Rudi kesho tu, mwanangu," mmoja aliniambia kwa huruma.

"Ni leo hii, mama. Siondoki hapa."

Nikaacha kubahatisha, nikakagua lugha yenyewe niliyoikuta imeshawekwa kwenye ile kompyuta. Ilikuwa ya biti 32, toleo la zamani. Kifurushi nilichobeba kutoka dukani kilikuwa cha biti 64. Windows ile ilipokea matoleo yote mawili, lakini lugha ya toleo moja haiwezi kushikana na kifurushi cha jingine. Nilicheka kwa sauti. Kwenye flashi nilikuwa na lugha ile ile ya biti 64. Nikaondoa ya zamani, nikaweka hiyo, nikakiita kifurushi tena. Safari hii kompyuta haikusema neno, na kwenye kazi yetu kimya cha namna hiyo ni habari njema.

Mwenyekiti akaweka dhahabu ya kwanza mzanini. Televisheni niliyokuwa nimeitundika ukutani ikaandika uzito kwa namba kubwa kama sahani, na chumba kizima kikazisoma kwa pamoja.

Mama aliyesimama mlangoni, mlalamikaji kuliko wote, akataka ya kwake ipimwe mara mbili. Ikapimwa. Namba hazikubadilika.

"Haya, sawa," akasema, akaifunga kwenye pindo la khanga, akatoka.

Mwenyekiti akamwita anayefuata.